Mchagua Jembe na Mwenye Nyumba

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Wahenga hao hao, au ndugu zao wa kijiji cha pili, walisema kuwa shoka lisilo mpini halichanji kuni. Methali hizi mbili hukaa katika lugha moja kama wake wawili wa mume mmoja: kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja humtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni. Ya kwanza humlaumu mtu anayetafuta udhuru katika chombo. Ya pili humwonya mtu anayekwenda kazini na nusu ya chombo. Mkulima ameishi na zote mbili kwa muda mrefu bila ya kuona dhiki, kwa sababu jembe ni jembe na mvua haimngoji mtu. Lakini mtu anayetaka kutengeneza nyumba yake, kuziba ufa, kutia mlango, kubadili dari au kupaka ukuta upya, huona taabu kuzitii zote mbili katika siku moja. Je, kutafuta chombo kinachostahili kabla ya kuanza kazi ni wajibu, au ni uvivu uliovaa kanzu safi? Na kama ni wajibu, ni wajibu kwa nani?

Swali hili huonekana dogo. Watu hulijibu dukani kwa fedha: mwenye nazo hununua, asiye nazo hutumia kisu cha jikoni. Yamkini ndiyo sababu halikushughulisha sana watu wa maadili, ambao hupenda kusema habari za ukweli, ushujaa na ukarimu, mambo yenye majina makubwa. Walakini sehemu kubwa ya maisha ya mwanadamu hupita ndani ya kuta nne, na madhara mengi ambayo mtu huwafanyia wenziwe pasipo kukusudia hutoka katika mkono wenye haraka ulioshika chombo kisichofaa.

Methali ya kwanza ipewe haki yake kwanza. Yuko mtu ambaye ameuona ufa katika ukuta wake tangu kaskazi. Ufa ni mwembamba, ukucha hauingii. Anajua methali ya ufa na ukuta, maana hapana Mswahili asiyeijua, lakini anasema moyoni kuwa kazi njema huhitaji zana njema. Basi huenda mjini kutazama. Zana ni vitu vya kupendeza macho. Nyundo mpya ina mng'ao wake, na bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa ndani ya sanduku, ndogo hata kubwa, humfanya mtu ajione fundi kabla hajashika kazi. Hununua sanduku. Hurudi nalo nyumbani, hulifungua mbele ya wageni, hulifunga. Masika yakiingia mwezi wa Machi ufa hupitisha maji, na sanduku liko chini ya kitanda likila kutu ya hewa ya bahari. Mtu huyu hakununua vyombo vya kazi. Alinunua raha ya mtu aliyemaliza kazi, na raha hiyo aliilipa kabla ya kuistahili. Juu yake methali ilisema kweli: alikuwa mchagua jembe.

Tena kuna ushahidi mwingine wa kuipa nguvu methali hiyo. Waunda majahazi wa pwani, mathalani wale wa visiwa vya Lamu, waliunda vyombo vya kuvuka bahari kwa zana zinazoweza kuchukuliwa katika kikapu kimoja: shoka, tezo, msumeno, patasi, nyundo na keekee. Hawakuwa na michoro ya karatasi. Kipimo kilikuwa katika jicho na katika mkono, na jahazi lilielea. Mtu akitazama jambo hili kwa upesi hudhani kuwa wazee walifanya kazi bila ya zana, na kwamba anayedai zana leo ni mtu dhaifu. Lakini hapo ndipo fikira hupotea njia. Wazee hawakufanya kazi bila ya zana. Walifanya kazi kwa zana chache, na kila moja katika hizo ilikuwa ndiyo yenyewe.

Keekee ni mfano mzuri. Ni kijiti chenye ncha ya chuma, kilichozungushiwa kamba ya uta. Uta ukivutwa mbele na nyuma, ncha huzunguka na kula mbao. Mtu asiyejua kazi huweza kuuliza: kwa nini kujisumbua kutoboa tundu, maadamu msumari una ncha yake na nyundo ina uzito wake? Jibu liko ndani ya mti. Mbao ina nyuzi, na msumari unaopigwa kwa nguvu huzisukuma nyuzi kando kama mtu anayepenya katikati ya umati kwa viwiko. Mti mbichi na laini huvumilia. Mvule au msaji uliokauka kwa miaka mingi hauvumilii. Hupasuka, na mpasuko hufuata nyuzi mpaka unakotaka wenyewe. Tundu dogo lililotangulizwa na keekee humwombea msumari njia. Mwunda jahazi hakulichagua keekee kwa anasa. Alilitwaa kwa sababu ubao ungepasuka, na ubao ukipasuka baharini hapana wa kumwomba radhi.

Sasa chombo hicho na kiletwe katika mlango wa nyumba. Milango ya kuchongwa ya Unguja, Mombasa na Lamu ilitengenezwa kwa miti migumu, na miimo yake ina maua na minyororo ambayo fundi aliichonga kwa patasi siku baada ya siku. Mwenye nyumba wa leo anataka komeo jipya. Ana nyundo, ana misumari ya nchi nne, na ana nusu saa. Hupiga. Komeo hushika, lakini ufa mrefu umepita katikati ya ua lililochongwa na mikono ambayo haipo tena kujitetea. Mwenye nyumba hatapata taabu yoyote. Mlango hufunga vizuri usiku ule. Waliopata hasara ni fundi aliyekwisha kufa na mtu ambaye bado hajazaliwa, ambaye angeuona mlango mzima.

Kisa cha parafujo ni kidogo zaidi, na pengine kinafundisha zaidi. Mtu anaifunga kwa ncha ya kisu kwa kuwa bisibisi haiko karibu. Kisu huteleza mara mbili, mara tatu, na kila mara humega kingo za mfereji ulio katika kichwa cha parafujo. Mwishoni parafujo huingia na kukaa. Kazi imekwisha. Baada ya miaka mitatu mtu mwingine, labda mtoto wa nyumba, labda mpangaji, labda fundi wa umeme aliyeitwa usiku, anahitaji kuifungua parafujo ile, na haina pa kushikwa. Atavunja, au atakata, au ataondoka. Hapo jibu la swali la kwanza linaanza kuonekana. Wajibu wa kuwa na chombo kinachostahili si deni la mtu kwa kazi yake ya leo tu, kwa kuwa kazi ya leo mara nyingi hukubali kufanywa kwa chombo chochote. Ni deni kwa mkono utakaokuja nyuma.

Tofauti ya shamba na nyumba imo katika jambo hili. Ardhi iliyolimwa vibaya mwaka huu huweza kulimwa vizuri mwaka ujao. Mvua na majani huisaidia kusahau, ingawa wakulima wa mitelemko ya milimani, ambao wameona udongo wao ukichukuliwa na mito, watalipinga neno hili, na wana haki. Nyumba haisahau. Kila pigo la nyundo hubaki ndani yake kama neno lililoandikwa, na atakayekuja atalisoma apende asipende.

Mfano ulio mkubwa kupita yote katika pwani ya Afrika ya Mashariki ni kuta za mawe. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza iliundwa mwaka 1985. Lakini kabla ya orodha na mamlaka kulikuwa na ukuta. Ukuta huo ni wa mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Dari hukaa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba kama vichochoro. Chokaa yenyewe hutokana na mawe hayo hayo ya bahari: huchomwa juu ya lundo la magogo, kisha huzimuliwa kwa maji, kisha huachwa ikakaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na yenye kutii mwiko.

Ukuta wa namna hiyo hunywa na kupumua. Hunywa unyevu wa ardhi kutoka chini na mvua kutoka ubavuni, pamoja na chumvi ya bahari; kisha hupumua, na unyevu hutoka kupitia lipu ya chokaa na kwenda zake na upepo. Chokaa huchakaa katika kazi hiyo. Hubanduka, hupakwa tena. Ni kama nguo ya ukuta, na nguo huchakaa ili mwili usichakae.

Akaja fundi wa siku hizi na mfuko wa saruji wa kilo 50. Saruji haina kosa. Ni nyepesi kupatikana, hukauka upesi, hushika kwa nguvu, na kwa nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa juu ya msingi wake uliozuia maji ndiyo chombo chenyewe. Lakini ikipakwa juu ya ukuta wa mawe na udongo huuziba kinywa. Unyevu unaendelea kuingia kutoka chini na haupati pa kutokea. Hupanda juu, au huelekea ndani. Chumvi huganda kama fuwele nyuma ya lipu na kuisukuma, na lipu hufura kama jipu, halafu huanguka pamoja na uso wa jiwe. Ncha za boriti zilizofungiwa ndani ya ukuta wenye maji huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye nyumba akitazama husema: ukuta huu umechoka, unahitaji nguvu zaidi. Huongeza saruji. Hivyo nyumba iliyosimama miaka mia moja na hamsini kwa lipu dhaifu huuawa kwa lipu imara, na aliyeiua alikuwa akiipenda.

Ni vigumu kumhukumu mtu huyu. Hakuwa mvivu kama yule mwenye sanduku chini ya kitanda; alifanya kazi kwa jasho. Hakuwa bahili, alinunua mifuko mingi. Kosa lake ni kwamba alikuwa na chombo kimoja alichokijua vema, akataka kuta zote za dunia zifanane nacho. Kosa hilo lina kiburi ndani yake, ingawa ni kiburi cha upole kisichojitambua. Chombo hakina wema wala ubaya wake peke yake. Wema wake hupimwa kwa kitu kinachotengenezwa. Mtu anayeuliza ni chombo gani kilicho bora ameuliza nusu ya swali, na muuzaji wa duka atamjibu nusu hiyo kwa furaha.

Wala isidhaniwe kuwa chombo kinachostahili ni lazima kiwe cha ghali. Dari za zamani za chokaa na kokoto, zile ambazo juu yake watu waliweza kulala usiku wa joto, zilitengenezwa kwa kupigwapigwa. Kundi la watu, aghalabu wanawake, walipanga safu juu ya dari mbichi, kila mmoja na kijiti chake cha mti, wakapiga kwa pamoja huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikashikana na kuwa ngumu ya kukataa maji. Chombo kilikuwa kijiti. Kilichokuwa ghali ni subira, na subira haiuzwi kwa vipande.

Kwamba nyumba za namna hii si mchezo ilionekana tarehe 25 Desemba 2020, wakati sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ilipoporomoka ilhali jumba likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Sababu za msiba kama huo huwa nyingi, na si adabu kuzikusanya ziwe kisa cha mwiko mmoja au mfuko mmoja. Lakini tangu siku ile mtu anayesema kuwa kushika ukuta wa zamani ni kazi ya mkono mtupu amekosa hoja.

Kuna aina ya zana ambayo haikati, haipigi wala haishiki, husema tu. Timazi ni uzi na kipande cha risasi. Pima maji ni kijibomba chenye tone la hewa. Guni ni pembe ya mbao au ya chuma. Zana hizi ni rahisi kuliko zote, na ajabu ni kuwa ndizo zinazonunuliwa mwisho. Mtu hununua msumeno kwanza, kisha nyundo, kisha keekee ya umeme, na timazi huikumbuka wakati rafu aliyoipigilia imekwisha kuelemea upande. Sababu haiko mbali. Msumeno humtii mwenyewe, lakini timazi humkosoa. Jicho la mwenye kazi hupenda kuona kile ambacho moyo wake unakitaka, na baada ya saa mbili za jua kali moyo hutaka kuona kuwa ukuta umenyoka. Uzi wa timazi hauna moyo. Huning'inia palepale, na mtu hubaki na hiari ya kuukubali au kuukunja na kuutia mfukoni.

Hata hivyo timazi nayo si hakimu wa mwisho. Katika nyumba ya zamani huenda ukautundika uzi ukaona ukuta umelala vidole vitatu. Fundi mgeni atataka kuunyosha kwa lipu nene. Fundi mwenyeji ataweka alama, ataondoka, atarudi baada ya miezi, ataipima tena. Na akiona ukuta haukusogea atasema: umelala hivi tangu babu, umeshatua, uacheni. Kuongeza lipu nene ni kuongeza uzito upande ule ule unaoelemea. Ukweli wa chombo ni ukweli, lakini hauelezi peke yake la kufanya.

Na ziko kazi ambazo chombo chake kinachostahili ni kuweka vyombo chini. Nyumba na majengo mengi ya karne iliyopita yaliezekwa kwa mabati ya asibesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za mawe. Bati hilo likiwa zima na limetulia madhara yake ni machache. Likikatwa kwa msumeno, au likitobolewa, au likisuguliwa kwa brashi ya chuma ili lipakwe rangi, hutoa vumbi la nyuzi ambazo jicho halizioni; nyuzi hizo huingia mapafuni na kukaa, na ugonjwa wake, pamoja na saratani ya utando wa mapafu, huweza kuja baada ya miaka 20, 30 au 40. Msumeno ukiwa mkali zaidi, na wa umeme, vumbi huwa jingi zaidi. Hapa ubora wa chombo huzidisha dhara. Baba aliyepanda juu ya paa siku ya Jumapili kukata bati ili aweke bomba la jiko, na mtoto wake akimshikia ngazi chini, wote wawili huweza kulipa kazi ile wakati hakuna tena anayeikumbuka. Kazi kama hiyo ina watu wake, wenye mavazi yake na sheria zake. Kujua kuwa huna chombo, na kukaa chini kwa sababu hiyo, ni ujuzi wa kazi vilevile.

Baada ya haya mtu huweza kuuliza swali la fedha, na ni swali la haki. Kama kila kazi ina chombo chake, ni nani awezaye kuwa navyo vyote? Mwenye nyumba hutumia keekee mara moja kwa mwaka. Ngazi ndefu mara mbili. Jiriwa labda mara moja katika maisha. Jibu la zamani la watu wa pwani si kumiliki bali ni kuazimana. Sura ya 107 ya Kurani, iitwayo Al-Maun, humalizika kwa kuwalaumu watu wanaozuia vitu vidogo vya msaada, na wafasiri, kwa mapokezi ya tangu Ibn Masud, walivitaja vitu hivyo kwa majina ya kawaida kabisa: shoka, chungu, ndoo. Ni ajabu njema kuwa shoka la jirani limetajwa mahali pazito kiasi hicho, karibu na sala na yatima. Kumbe kuzuia chombo ambacho hukihitaji leo si jambo la tabia ndogo.

Lakini sheria haikumwacha mwazimaji ale raha peke yake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, chombo kilichoazimwa kikipotea au kikiharibika nje ya matumizi yaliyoruhusiwa, mwazimaji hudaiwa hata kama hakuzembea. Kikichakaa kwa matumizi yale yale yaliyoruhusiwa, hadaiwi. Ni mpango wa busara. Huruhusu chombo kichoke kwa kazi, maana ndiyo iliyokiumba, lakini haumruhusu mtu kukitumia patasi ya jirani kufungulia kopo la rangi. Watu wa mbali nao waliufikia mpango unaofanana na huo kwa njia yao: mjini Berkeley, katika jimbo la California huko Marekani, maktaba ya mji ilianza mwaka 1979 kuwaazimisha watu zana za kazi kama inavyowaazimisha vitabu.

Je, fundi seremala naye aazimishe randa yake? Hapa mambo hukaza. Randa ya fundi imenolewa kwa pembe aijuayo yeye, na ulimi wake umetegwa kwa unene wa unyoya. Mtu asiyejua akiipitisha juu ya msumari mmoja uliofichika, fundi atapoteza kutwa nzima kwenye jiwe la kunolea, na kutwa ya fundi ni chakula cha watoto. Majirani humwita bahili, na wengine humkumbusha sura. Lakini sura haikumtaka mtu atoe mkono wake wa kulia. Vitu vidogo vya msaada ni vile ambavyo mwenyewe hapungukiwi kwa kuvitoa. Chombo cha riziki ni jambo jingine. Na mara nyingi fundi huyo huyo anayekataa kuitoa randa huja nayo mwenyewe jioni, huipitisha mara nne juu ya mlango unaokwama, hukataa malipo, hunywa chai, huondoka. Amemwazima jirani randa pamoja na miaka ishirini ya mkono wake. Wanaomwita bahili wamehesabu vibaya.

Maskini ana shida ya namna yake katika jambo hili. Koleo nzuri ya shilingi nyingi hukaa miaka. Koleo ya bei ndogo hupinda meno mwezi wa pili. Asiye na bei ya chombo kimoja chema hulipa, kidogo kidogo, bei ya vibaya vitatu, kisha huambiwa kuwa hajui kutunza vitu. Anayetoa mawaidha ya zana bora na asilione hili amesema na watu nusu.

Tena fikiria mjane katika nyumba ya mawe aliyoirithi. Ukuta wa chumba cha nyuma umelowa, mtoto anakohoa usiku, na masika yamebaki wiki mbili. Fundi wa chokaa yuko mmoja mtaani naye ana kazi mpaka Juni. Chokaa iliyokaa vya kutosha haipatikani kwa siku moja. Kijana wa saruji yuko mlangoni na mifuko miwili. Anasema atamaliza kesho. Mtu aliye katika nyumba kavu huweza kumwambia mjane asubiri, lakini maneno hayo hayamgharimu kitu, na mtoto anaendelea kukohoa.

Kuna la kufanya, nalo si saruji. Mara nyingi maji ya ukuta hayatoki ukutani. Hutoka juu, katika mfereji wa paa ulioziba kwa majani au katika mdomo wa bomba uliovunjika, yakateremka juu ya jiwe mwaka hata mwaka. Mfereji husafishwa kwa mkono na karai. Lipu iliyofura huangushwa kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu, mpaka jiwe lionekane na lipate upepo. Chumba huonekana kibaya, lakini huanza kukauka. Upande wa nje hufunikwa kwa makuti au turubai mpaka mvua zipite, na mtoto hulala chumba cha mbele. Fundi wa chokaa ataukuta ukuta mkavu mwezi wa Juni, jambo ambalo yeye mwenyewe angeliomba. Kijana wa saruji, kwa kuwa ana nguvu na amekwisha kuja, huweza kulipwa kutwa ya kusafisha mfereji na kuangusha lipu, akaona kwa macho yake kilichomo nyuma yake.

Anachokosa mjane ni ngazi. Jirani anayo, ya mbao, yenye vipandio kumi na viwili. Anaileta begani, anaiegemeza ukutani, anaijaribu kwa mguu, na kabla ya kuondoka anamwonyesha kijana kipandio cha nne kutoka chini, ambacho kimelegea upande wa kushoto, akamwambia asikikanyage.